Social Security wakikukatalia: tunayoambiana na ukweli wake

Barua ya kukataliwa ikifika kutoka Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao ya ulemavu, katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Marekani hubandikwa kwenye mlango wa friji, ikimsubiri kijana anayejua Kiingereza arudi kutoka chuoni. Siku nazo hazimsubiri.

"Wakishakataa, basi." Sivyo. Maombi mengi ya mafao ya ulemavu hukataliwa mara ya kwanza, ya wenyeji na ya wageni. Rufaa ina ngazi nne: faili kupitiwa na mtu ambaye hakushiriki uamuzi wa kwanza, kusikilizwa na jaji, Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho. Kwenye ngazi ya kwanza wengi hukataliwa tena. Usiishie hapo, maana nafasi ya kushinda huwa kubwa zaidi mbele ya jaji.

"Heri kuomba upya kuliko kukata rufaa." Hii huumiza mfuko. Una siku 60 tangu uipokee barua, nao huhesabu kwamba umeipata siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ukiacha rufaa ukaanza ombi jipya, tarehe ya ombi lako la kwanza inaweza kupotea pamoja na malimbikizo yake, yaani mafao ya miezi iliyopita. Kwa SSDI, ile bima ya ulemavu inayotokana na makato ya mshahara, kuna jingine: bima yenyewe huisha mtu akikaa miaka kadhaa bila kazi, na ombi jipya laweza kukuta imeshakwisha. Umechelewa? Peleka rufaa hivyo hivyo, ueleze sababu kwa maandishi. Ugonjwa mzito na kutojua Kiingereza ni mambo wanayotakiwa kuyazingatia.

"Daktari ameandika siwezi kazi, inatosha." Barua ya mstari mmoja haimfungi jaji. Yeye anatafuta vipimo: unasimama dakika ngapi, unabeba uzito gani, ungekosa kazini siku ngapi kwa mwezi. Na hapa ndipo adabu yetu inapotuponza. Mama mgongo umeharibika kwa miaka ya kukata nyama kiwandani. Daktari anaingia: "Habari gani, mama?" "Nzuri, namshukuru Mungu." Mkalimani anatafsiri kama alivyosikia, daktari anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Sentensi hiyo inalala kwenye faili, kisha siku ya kusikilizwa inaamka mezani kwa jaji. Salimia, ndiyo, lakini ukishasalimia ongeza: "Jana nimeshindwa kuinua sufuria, na usiku nimeamka mara nne kwa maumivu." Hayo ndiyo yaandikwe. Jaji naye akikuuliza kama unapika, usiseme "ndiyo" ukanyamaza. Sema unakata vitunguu umekaa, unapumzika katikati, na ugali anasonga binti yako.

"Ukifanya kazi hata siku moja, umejifuta." La, ila kuna kikomo cha mapato. Mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato, kwa asiye kipofu. Usifiche kazi, taja ulichopata na kwa nini uliacha.

"Wakili ni wa matajiri." Wengi wa mawakili wa kesi hizi hawalipwi mpaka ushinde. Mkataba wa kawaida ni asilimia 25 ya malimbikizo, tena kwa kikomo, ambacho mwishoni mwa 2024 kiliwekwa kuwa dola 9,200. Gharama ya kupata rekodi za hospitali yaweza kudaiwa kando, kwa hiyo uliza kabla ya kutia sahihi. Rekodi zenyewe zifike, au zitajwe kwa maandishi, angalau siku 5 za kazi kabla ya kusikilizwa.

"Mtoto wangu atanitafsiria." Mkalimani ni bure: kwenye simu, ofisini na mbele ya jaji. Mtoto usimwite, kwani kuna mambo ya kibofu na ya vita ambayo mzazi hawezi kuyasema akimwangalia mwanawe usoni. Ila unapoomba mkalimani, taja Kiswahili cha wapi. Mtu wa Bukavu akipewa mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana njiani. Msipoelewana mwambie jaji papo hapo, kwa sababu kinachorekodiwa kuwa ushahidi wako ni Kiingereza cha mkalimani.