Mzee alisema "kwetu", mwacheni

Juzi nimerudishiwa tena tafsiri ikiwa na wino mwekundu. Ndani yake mzee aliyezeekea ugenini anawaambia wanawe, "Nizikwe kwetu." Mhariri amelikata neno, akaandika "katika nchi mama", na pembeni akaeleza kwamba Kiswahili hakina neno la nchi ya asili, hivyo lazima tuliunde.

Neno tunalo. Ni hilohilo alilolikata.

Hiyo "nchi mama" inaniudhi zaidi. Jina likifuatwa na "mama" namna hiyo, mara nyingi tunajua kuna watoto: kampuni mama ina kampuni tanzu zake. Basi nchi mama ni ipi, kama si ile yenye makoloni? Msomaji atadhani mzee anataka kuzikwa kwa mkoloni wake.

Sasa sikiliza "kwetu". Nikikwambia "karibu kwangu", nakualika ninapoishi, hata kiwe chumba kimoja cha kupanga. Nikisema "kwetu", nataja nilikotoka, na nitasema hivyo hata kama nimebaki peke yangu katika ukoo mzima. Kwangu ni nyumba. Kwetu ni asili, na asili haina mwenyewe mmoja. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakusema mkataa nchi, kwa sababu mtumwa ndiye aliyeng'olewa kwao.

Wimbo wa taifa wa Kenya, wa mwaka 1963, unamwomba Mungu "ilete baraka kwetu": baraka zitufikie sisi, na zifike mahali petu. Ubeti wa pili unataka nchi ilindwe, wa tatu unataka taifa lijengwe. Wala nchi na taifa havibadilishani nafasi. Nchi tumeikuta, taifa ni sisi wenyewe.



Lakini "kwetu" linavutika, na hapo nami husita. Ukiniuliza Dar es Salaam "kwenu wapi?" nitakutajia kijiji, ukiniuliza London, nitasema Tanzania. Kiongozi akihutubia "tupiganie kwetu", kila msikilizaji huenda akaona kijiji chake. Kwenye hotuba, basi, mara nyingi naandika "nchi yetu", na bado siridhiki nalo sana.

Mzee wetu hahutubii mtu. Amelala kitandani, anawaza makaburi ya wazazi wake. Nimelifuta lile la mhariri, nikamrudishia "kwetu" yake.