Mazungumzo ya kundi hayapakiwi mtandaoni jinsi yalivyo

Makundi mengi ya wanawake wanaotengeneza programu huria hapa Kampala yana kasoro ileile: msimbo uko wazi kwenye Git, mfumo unaotunza msimbo pamoja na historia yake, lakini sababu zake zimelala WhatsApp. Kwa nini maktaba fulani ya msimbo iliachwa, kwa nini fomu haimlazimishi mtu kuandika jina la pili, yote yamo humo. Anayejiunga leo anauliza yaliyokwisha kujibiwa miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo naunga mkono kuhifadhi mijadala hadharani. Ila usafi unakuja kwanza, na ndiko kazi iliko.

Fungua faili ambalo WhatsApp inakutolea ukiomba nakala ya mazungumzo. Majina yaliyomo ni yale yaliyohifadhiwa kwenye simu ya aliyelitoa. Akikuandika "Aisha Mkopo", ndivyo dunia itakavyokusoma. Asipokuwa amekuhifadhi, namba yako inaweza kutoka nzima. Tarehe nayo inafuata mipangilio ya simu hiyo: 03/04 hapa ni Aprili, pale ni Machi, na saa haina alama ya kuonyesha ni saa za wapi. Chagueni simu moja tu, iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, iwe ndiyo inayotoa mafaili yote.

Meseji ya mistari mingi ina tarehe kwenye mstari wa kwanza peke yake. Skripti, yaani programu fupi ya kusafisha faili, inayotupa kila mstari usio na tarehe itakata msimbo uliobandikwa, yaani kile hasa ambacho msomaji alikijia. Mstari usio na tarehe uunganishwe na meseji iliyotangulia. Tena faili halionyeshi nani anamjibu nani, hivyo "sawa, tuondoe hiyo" inabaki yatima mpaka mtu aliyekuwepo airudishe mahali pake kwa mkono. Hakuna njia ya mkato.

Msitoe faili siku hiyohiyo. WhatsApp inampa mtu takriban siku mbili na nusu kufuta meseji yake kwa wote. Mkisubiri wiki moja, aliyejutia maneno yake atakuwa ameshayafuta.

Majina ya hadharani yawe lakabu ambazo kila mmoja amejichagulia. Kosa linalorudiwa ni kuigeuza namba ya simu kuwa alama ndefu ya SHA-256, hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu usiosomeka, na kudhani imefichika. Namba za simu za mkononi hapa karibu zote huanza na 7 baada ya namba ya nchi, 256, kisha zinabaki tarakimu nane: uwezekano 100,000,000 tu. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote kwa muda mfupi, mpaka ipate inayotoa alama ileile. Orodha inayounganisha lakabu na namba ikae nje ya hifadhi, imefungwa kwa nywila, mikononi mwa watu wawili.

Namba zilizotajwa ndani ya meseji zitafutwe kwa sura zote, inayoanza na 07 na inayoanza na +256, zikiwa na nafasi au vistari katikati. Meseji za mobile money ondoeni nzima, maana zina jina, kiasi na namba ya muamala. Lakini skripti haitaona hatari ya sentensi kama hii: "Nikitoka Ntinda huwa nafika steji saa mbili usiku, nipigieni hapo." Haina namba wala jina, na bado inamwambia mtu mbaya mahali pa kumsubiri mwenzetu. Ndiyo sababu kila mjadala usomwe na wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Chini ya Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, taarifa inayomtambulisha mtu ni data binafsi, na kwa kawaida ridhaa yake inahitajika. Wekeni tarehe ya kuanzia, itangazwe kwenye maelezo ya kundi. Ya kabla ya hapo hayaingii, isipokuwa kila aliyechangia mjadala huo amekubali. Kunyamaza si kukubali.

Kisha kuna siku mtu ataomba meseji yake itolewe. Kama anwani za kurasa zinatokana na kuhesabu 1, 2, 3, ukifuta ya 40 zote zilizofuata zinasogea, na kila kiungo cha zamani kinaelekea mahali pasipo pake. Ipe kila meseji kitambulisho cha kudumu, na ukiitoa acha mahali pake maneno "imeondolewa kwa ombi la mwandishi". Tafuta pia walionukuu maneno yake. Hapo ndipo wengi husahau. Na faili ghafi lisiingie Git hata mara moja: kulifuta baadaye kunaliondoa mbele ya macho tu, historia inalo, na kila aliyenakili hazina hiyo ya Git analo.

Kama hamtaki kurasa fulani zionekane kwenye Google, tumieni alama ya noindex ndani ya ukurasa, inayoiambia Google isiuorodheshe. Msiuzuie ukurasa huohuo kwa robots.txt, faili linaloiambia Google kurasa zipi isizisome, kwa sababu Google isiporuhusiwa kuusoma haitaiona hiyo noindex, na anwani inaweza kujitokeza bado.

Limebaki suala la lugha, kwa kuwa tunachanganya Kiswahili, Luganda na Kiingereza ndani ya meseji moja. Juu ya kila mjadala andikeni mistari miwili ya muhtasari yenye maneno ambayo mtu angeyatafuta. Humo saa iandikwe 21:00, kwa sababu "saa tatu" ya kwetu, ambayo ni ssaawa ssatu ya Luganda, mchangiaji wa nje ataisoma vingine. Mafaili yote yahifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaobeba lugha zote. Kabla ya kuchapisha, tafuteni "Å‹" ndani yake: mkiiona, ilikuwa ŋ ya Luganda, na kuna programu njiani iliyolisoma faili kwa Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi usio na ŋ. Rudini kwenye faili ghafi. Msiitengeneze herufi mojamoja.