Kwa nini shati la mtumba hulishinda jipya la bei ileile?

Chukua mashati mawili ya shilingi 12,000. La kwanza ni jipya, bado limo kwenye nailoni yake, umelinunua dukani Kariakoo. La pili umelichomoa kwenye rundo la mtumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, na kuna mtu alishalivaa huko Ujerumani au Kanada. Yafue na kuyavaa miezi sita. Mara nyingi lile jipya ndilo litakalopauka mabegani, likajikunja kola na kutoa vitonge vitonge kwapani, wakati la mtumba bado linakwenda kazini. Hili wengi tunalijua. Sababu yake ni nini hasa?

Jibu la kwanza limo kwenye pamba yenyewe. Nyuzi za pamba hazilingani urefu: zipo zinazozidi sentimita tatu, zipo ambazo hata mbili na nusu hazifiki. Kiwandani husokotwa pamoja kuwa uzi, na kinachozishikanisha ni ule msokoto na msuguano tu, hakuna gundi. Nyuzi ndefu hukumbatiana sehemu kubwa, kwa hiyo uzi wake ni laini na mgumu kukatika. Fupi huacha ncha nyingi nje. Ncha hizo zikisuguliwa hujiviringa, ndiyo vile vitonge. Kwenye pamba tupu vitonge hukatika na kudondoka vyenyewe, ila pamba ikichanganywa na poliesta hubaki vinaning'inia, kwa sababu nyuzi za poliesta ni imara mno na haziachii.

Pamba ndefu ni ghali. Anayetaka kuuza shati jipya kwa bei ya chini anabana hapo kwanza, kisha anapunguza unene wa kitambaa, anashona kwa hatua ndefu ndefu, na kwenye mshono anaacha ukingo mwembamba usioweza kufumuliwa. Vitambaa vingine hupakwa wanga mwingi ili dukani vionekane vizito. Ukifua mara moja wanga umekwenda na maji, unabaki na kitu kama chandarua.

Halafu kuna hesabu ya fedha. Kwenye shati jipya, 12,000 yako inalipa kitambaa, ushonaji, meli, ushuru, kodi ya fremu na faida ya mwenye duka. Kilichobaki kwa ajili ya kitambaa ni kidogo sana. Shati la mtumba gharama yake ya kutengenezwa ilishalipwa na mvaaji wa kwanza, na wewe unalipia usafiri, uchambuzi, ushuru na faida za waliolipitisha mikononi. Ndiyo maana unaweza kupata shati ambalo jipya lingekugharimu mara kadhaa ya hiyo bei.

Jibu la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, maana wengi hulisahau: mchujo. Nguo iliyoruka rangi au kupinda mshono baada ya kufuliwa, mwenyewe aliitupa hukohuko au akaifanya dekio. Zilizobaki zikachambuliwa kwenye maghala ya Ulaya au Sharjah, zikafungwa marobota ya kilo 45 hivi, na likifunguliwa robota hapa muuzaji naye anatenga za juu. Gikomba, Nairobi, hizo za kwanza huitwa kamera, na mabaki ya mwisho ni fagia. Kwa hiyo tunapolinganisha, tunachukua nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ikasimama, tunaipambanisha na ambayo haijaonja maji. Si kwamba wazee wa huko walishona vizuri kila kitu. Vibovu vyao hatukuviona.

Ila mchujo huo umeanza kuvuja. Nguo za mtindo wa haraka, zinazoshonwa ili zivaliwe msimu mmoja, nazo sasa zinaingia kwenye marobota, na wauzaji wanalalamika kwamba robota la bei ileile linatoa nguo chache za kuuzika. Zisizouzika zinaishia jalalani. Gikomba iko kando ya Mto Nairobi, na mabaki yake huonekana mtoni na kwenye dampo la Dandora. Poliesta ni plastiki, haiozi. Kwa hiyo neno mtumba peke yake halikufanyi rafiki wa mazingira. Anayenunua blauzi tano kwa sababu muuzaji kapaza sauti "buku, buku" na hazivai hata moja, amehamisha taka kutoka mezani kwenda kabatini.

Kuhusu hoja kwamba mtumba uliua viwanda vyetu, mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa kabisa ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, Marekani ikayasimamishia mavazi yake nafuu ya AGOA, yaani ruhusa ya kuingia soko la Marekani bila ushuru, mwaka 2018, na nchi nyingine zikarudi nyuma. Mimi naona viwanda vya nguo kama Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma vilikuwa na magonjwa mengine mengi, lakini hiyo ni makala nyingine.

Kwa mwenye mfuko mdogo, kazi ni kufanya mchujo wa mwisho mwenyewe, pale mezani. Inua kitambaa juani: ukiona vidole vyako waziwazi upande wa pili, liache, labda liwe la kulalia. Geuza nguo ndani nje, tazama mshono wa ubavuni na uhesabu sindano imechoma mara ngapi ndani ya sentimita moja. Tano au zaidi ni kazi nzuri, tatu ni ya kulipua. Kagua kwapa, ndani ya kola na katikati ya mapaja, maana huko ndiko nguo huanza kufa. Vuta kiuno chenye lastiki karibu na sikio. Kikitoa mlio wa kukwaruza, mpira wa ndani umeshakauka. Ukitilia shaka lebo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo ukauchome nyumbani kabla hujarudi kununua za aina hiyo: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu cheusi.

Fundi cherehani mhesabu kwenye bajeti tangu mwanzo. Shati kubwa la kitambaa kizuri, la 4,000, likipunguzwa ubavuni kwa 3,000 na kuvaliwa mara 100, kila mvao umekugharimu shilingi 70. Fulana mpya ya 5,000 inayokufa baada ya mivao kumi ni 500 kila unapoivaa. Na kuna maji ya shambani: makadirio yanayotajwa sana ni lita 2,700 kwa fulana moja ya pamba. Maji hayo yalishatumika, uivae mara kumi au mara mia.

Ukifika nyumbani, fua kwa maji ya kawaida, geuza nguo kabla ya kuanika, na za rangi zianike kivulini, kwani jua letu linakula rangi kuliko sabuni. Jiki iweke mbali na chochote kinachovutika.

Sheria hii ya mchujo ina mipaka yake. Nguo za ndani acha. Tanzania imezipiga marufuku za mtumba kwa sababu za kiafya. Na viatu vyenye soli ya povu la poliyurethani, aina ya plastiki, kama baadhi ya raba za mazoezi, hufuata kanuni ya kinyume. Povu hilo huvunjwavunjwa na unyevunyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa ndani ya boksi, na joto la pwani linaharakisha kazi hiyo. Raba inaweza kuonekana haijawahi kukanyaga chini, ukaivaa kwenda kituoni, soli ikaanza kumong'onyoka kabla daladala haijafika. Ikunje kwa nguvu na bonyeza soli kwa ukucha. Ikiacha alama isiyorudi au ikitoa punje, mrudishie mwenyewe, hata kama ni kamera.