Udongo haukuunganisha nchi: dhana potofu kuhusu Muungano wa 1964

Kila Aprili inapokaribia maneno ni yale yale, kwa wanafunzi wa sheria, kwa watangazaji, hata kwa wanaogombea ubunge: "Nchi ziliungana siku Mwalimu alipochanganya udongo." Picha ile imekaa vichwani kuliko Hati za Muungano, yaani mkataba wenyewe wa Tanganyika na Zanzibar kuungana, na ndiyo chanzo cha nusu ya ubishi usio na maana kuhusu Muungano.

Tazama tarehe. Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanganyika, na Karume, Rais wa Zanzibar, walisaini Hati za Muungano Zanzibar, 22 Aprili 1964. Bunge la Tanganyika likaziridhia tarehe 25. Upande wa Zanzibar, wanasheria wanabishana hadi leo kama Baraza la Mapinduzi, chombo kilichotawala Zanzibar wakati huo, liliridhia ipasavyo. Jamhuri mpya ikaanza tarehe 26. Udongo ulichanganywa Dar es Salaam baada ya Hati kusainiwa na kuridhiwa. Ilikuwa sherehe ya jambo lililokwisha kufanyika.

Kazi yenyewe ilifanywa na vifungu. Hati ziliichukua Katiba ya Tanganyika, zikaifanyia marekebisho, ikawa katiba ya muda ya Jamhuri nzima. Zikaorodhesha mambo 11 ya kushughulikiwa kwa pamoja: mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji na mengine. Yaliyobaki nje ya orodha yaliendelea kuwa ya Zanzibar, chini ya serikali na chombo chake cha kutunga sheria. Ya Tanganyika yasiyo ya Muungano hayakupewa serikali ya peke yake. Yaliwekwa mikononi mwa Serikali ya Muungano. Asiyeshika hesabu hiyo ndiye anayeuliza "Tanganyika ilifichwa wapi?" Haikufichwa popote. Muundo wa serikali mbili umeanzia hapo, na anayetaka tatu au moja aanze kubishana na vifungu hivyo, siyo na chungu cha udongo.

Halafu taasisi zilikuja kwa vipande, tena taratibu. Hati zilitaka Bunge la Katiba liitishwe ndani ya mwaka mmoja. Muda ukasogezwa, katiba ya kudumu ikaja 1977. Benki Kuu ilianza kazi 1966. Mwaka 1977 huo huo vyama tawala, TANU cha Bara na ASP cha Zanzibar, vikaunganishwa kuwa CCM, miaka 13 baada ya nchi kuungana. Mahakama ya Rufani ni ya 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na mahakama yake ya rufani kwenda nayo. Mahakama Kuu zimebaki mbili.

Dhana nyingine potofu ni hizi. "Mambo ya Muungano ni 11." Yalikuwa 11, sasa Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yaani orodha ya mambo hayo iliyo mwishoni mwake, ina 22. Na kuhesabu namba tu kunadanganya: la 10 peke yake lina kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, la 11 lina bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Kabla ya kubishana, soma ibara ya 4, kisha Nyongeza yenyewe, neno kwa neno. Ni ukurasa mmoja tu, jamani.

"Wabunge wa Bara wakitaka wanaongeza jambo lolote, maana ndio wengi." Hapana. Ibara ya 98 inadai theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake.

"Sheria ya Dodoma, yaani ya Bunge la Muungano, inafika Zanzibar moja kwa moja." Ibara ya 64 inataka sheria yenyewe itamke kuwa inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, au iwe inabadilisha au kufuta sheria inayotumika Zanzibar tayari, au iwe inahusu Mambo ya Muungano. Wafanyabiashara wanaovuka bahari na vibali vya upande mmoja hulijua hili wakiwa wamechelewa.

"Rais wa Zanzibar ni Makamu wa Rais wa Muungano." Utaratibu huo uliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya 1994. Makamu sasa ni mgombea mwenza, na akiwa Rais ametoka upande mmoja, Makamu lazima atoke upande wa pili.

Na jina "Tanzania" halikuwapo tarehe 26 Aprili. Nchi ilianza kama Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la sasa likatangazwa Oktoba mwaka huo.