Kwa nini dereva wa lori hugonga matairi kabla ya kuwasha injini?

Pita alfajiri pale malori yanapolala, iwe Chalinze, Tunduma au Mariakani, utasikia mlio wake kabla ya kumwona mtu: ti, ti, ti, kisha du. Ni dereva au utingo anayezunguka gari na nyundo au kipande cha nondo, akigonga tairi moja baada ya jingine. Injini bado imezimwa, na imezimwa makusudi. Mambo mengi ya lori hujulikana tu likiwa baridi na kimya.

Hesabu matairi kwanza. Kichwa cha ekseli 3 kikivuta tela la ekseli 3 huwa na matairi 22 tela likifungwa mawili mawili, na 10 kati ya hayo yamo upande wa ndani. Tairi la ndani likiishiwa upepo halibonyei kama la baiskeli, maana mwenzake wa nje hubeba mzigo wa wote wawili. Kwa macho gari limesimama sawa kabisa. Nyundo ndiyo inayoumbua: tairi lililojaa hulia kwa sauti kavu na kuirudisha nyundo, lililo tupu hulia kizito, na nyundo haidundi.

Likipelekwa barabarani vile vile, ukuta wake hukunjika na kukunjuka kila mzunguko. Joto hupanda, nyuzi za ndani hukatika, na mpira unaweza kushika moto mzigo ukiwa juu yake. La nje nalo, lililobebeshwa mara mbili, hupasuka.

Ila nyundo si geji ya kupimia upepo. Hutambua tairi lililokwisha, si lililopungua. Tairi la paundi 110 likibaki na 85 hulia karibu sawa na zima, ilhali wataalamu wa matairi huhesabu kwamba likishuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani paundi 88 hapo, lichukuliwe kuwa limetembea tupu. Geji nayo husomwa asubuhi, kabla gari halijasogea. Baada ya saa moja ya mwendo, upepo hupanda kwa joto. Dereva asiyejua akiupunguza, tairi likipoa linabaki na upungufu aliousababisha mwenyewe.

Kosa la hatari zaidi ni kulijaza papo hapo tairi lililotembea tupu. Nyuzi za chuma za ukutani huenda zimeshakatika, na linaweza kufumuka ghafla kama zipu na kumuua anayejaza. Livuliwe kwenye rimu, likaguliwe kwa ndani, na likijazwa liwe ndani ya kizimba cha chuma.

Akiwa bado chini na tochi, humulika nati. Mchirizi wa kutu unaoanzia kwenye nati maana yake mara nyingi ni kwamba imelegea na inacheza. Gurudumu lililofungwa upya hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, hata fundi aape vipi.

Oili nayo hupimwa sasa, gari likiwa tambarare, kwa kuwa usiku kucha imeshuka yote chini ya injini. Dipstiki ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: usiwashe. Rejeta pia hufunguliwa wakati huu. Ikiwa moto, maji yake huruka na kuunguza uso.

Kisha matangi ya upepo wa breki. Kompresa ikikandamiza hewa, unyevu wake hugeuka maji, hasa mwambao, na usiku hutulia chini ya tangi. Fungua vali ya chini uyatoe. Matone machache si neno. Yakija mengi, kikaushio cha hewa kimechoka; yakija na oili, kompresa ndiyo inayoivujisha.

Sasa ndipo injini huwashwa, upepo ukapanda hadi karibu bar 8, kisha ikazimwa tena. Dereva huachia breki ya mkono (gari likiwa limewekewa vigingi), hukanyaga pedali na kuishikilia dakika moja huku utingo akitega sikio chini kutafuta “sss”. Kwa kipimo cha Marekani, lori lenye tela likipoteza zaidi ya paundi 4 za upepo katika dakika hiyo halifai kuondoka. Asiyefanya jaribio hili Tunduma atalifanyia mteremkoni Kitonga.

Mwisho hufunga breki za tela peke yake na kujaribu kuliondoa gari kwa gia ndogo. Kichwa kikivuta na tela lisiachie, kufuli linalounganisha viwili hivyo limeshika.

Kituo cha kwanza njiani, dereva hupitisha kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu, bila kugusa. Kimoja kikiwa na moto kuliko wenzake, breki yake inashika au beringi inakufa.