Frantoio ipogeo: kinu cha zeituni chini ya ardhi

Frantoio ipogeo ni kinu cha kukamulia zeituni kilichochongwa ndani ya mwamba, mita chache chini ya barabara. Viko vingi Salento, kusini mwa Puglia nchini Italia. Mji mdogo wa Presicce una kadhaa chini ya uwanja wake mkuu, na huko Gallipoli kimoja kiko chini ya Palazzo Granafei.

Sababu kubwa ya kwenda chini ni joto. Baridi ikishuka kuelekea nyuzi 6 za Selsiasi, mafuta ya zeituni huanza kuganda: hayachuruziki kwenye mashudu wala hayajitengi na maji. Pangoni joto halibadiliki sana, na miili ya watu na wanyama pamoja na taa zilizowaka usiku kucha viliongeza. Tena mwamba wa huko ni wa chokaa, laini, unaochongeka kwa sururu.

Zabibu zikishavunwa, kuanzia Oktoba, watu waliingia chini hadi Mei, wakiongozwa na mkuu wao, nachiro. Zeituni zilimwagwa kupitia tundu la darini zikaangukia vyumba vya akiba. Baghala aliyefungwa macho alizungusha jiwe la wima mpaka zikawa rojo. Rojo lilipakwa kwenye fiscoli, vikapu bapa vya duara, vikapangwa kimoja juu ya kingine chini ya shinikizo la parafujo za mbao. Kilichotoka kilitulia shimoni, mafuta yakaelea, yakaenguliwa kwa chombo bapa. Maji yaliyobaki yalipelekwa shimo jingine liitwalo inferno, ili mabaki ya mafuta yapande taratibu.

Tatizo lilikuwa kusubiri. Zeituni nyingi ziliokotwa chini zikiwa zimekwisha kuiva mno, kisha zikalundikana wiki nzima na zaidi zikingoja zamu. Zilichacha, asidi ikapanda. Mafuta yake, lampante, yalifaa taa, sabuni na viwanda vya sufu, na ndiyo yaliyotajirisha bandari ya Gallipoli mpaka gesi na mafuta ya taa vilipoyasukuma kando katika karne ya 19.

Leo lampante ni yenye asidi inayozidi asilimia 2. Extra vergine, daraja la juu kabisa la mafuta ya zeituni, haivuki 0.8. Kwa hiyo picha ya kinu cha kale kwenye chupa haithibitishi ubora wowote. Tafuta mwaka wa mavuno, na maneno “estratto a freddo”, yaani rojo halikupita nyuzi 27.