Kwa nini nyumba ya rehani hunadiwa upesi Texas, lakini New York huchukua miaka?

Mwenye nyumba akikwama marejesho huko Texas, nyumba yake hunadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, mara nyingi nje ya jengo la mahakama ya kaunti. Lakini hakuna jaji aliyesikiliza kesi. Anayenadi ni msimamizi (trustee) aliyepewa mamlaka ya kuuza na hati ya mkopo. Mwenye dau kubwa akishalipa, basi, nyumba imeondoka.

Mamlaka hayo mkopaji mwenyewe aliyatia saini siku aliyonunua. Marejesho yakikwama, huandikiwa barua ya kumpa angalau siku 20 alipe anachodaiwa. Zikipita, hutoka notisi ya mnada, angalau siku 21 kabla. Jumla siku 41. New York ni tofauti kabisa: kwanza notisi ya siku 90, kisha benki ifungue kesi, na pande mbili zikalishwe mahakamani kutafuta suluhu. Hapo ndipo miaka hukatika.

Tofauti hii ipo kwa sababu Marekani kila jimbo lina sheria yake ya mali. Serikali ya shirikisho imeweka kizuizi kimoja kikubwa: tangu 2014, kwa kawaida, hatua za kuuza nyumba haziruhusiwi kuanza mpaka deni lipitilize siku 120. Siku hizo ni dhahabu. Ndizo za kuomba mkopo upangwe upya, si za kuficha barua kabatini.

Na jirani anayelipa vizuri, yanamhusu? Sana. Wachumi Atif Mian, Amir Sufi na Francesco Trebbi walilinganisha majimbo wakati wa msukosuko wa 2007 hadi 2009. Pale ambapo benki haihitaji mahakama, uwezekano wa aliyekwama kunyang'anywa nyumba ulikuwa takriban maradufu, na bei za nyumba zilishuka zaidi. Fikiria mtaa mmoja wenye nyumba tano za mnada. Benki inataka fedha yake, inauza kwa bei ya kutupa. Kesho mthamini anakuja kukadiria nyumba yako, naye anaangalia majirani zako wameuza kwa ngapi.

Ulinzi wa mahakama nao una bei yake. Mwaka 2006 mchumi Karen Pence alionyesha kuwa katika majimbo yanayomlinda zaidi mkopaji, mikopo ya nyumba ilikuwa midogo kwa asilimia 3 hadi 7. Binafsi naona bei hiyo inastahili kulipwa, maana familia hupata muda wa kupumua.

Ndugu zetu walionunua nyumba Houston au Dallas wawe macho na ushauri wa simu. Shangazi aliyeko Bronx, New York, akisema "tulia, kesi hizi huchukua miaka," hadanganyi. Kwake ni kweli. Texas, mkopo wa nyumba ukishafikia mnada, sheria haimpi mwenye nyumba muda wa kuikomboa.